Kuinuka na Kuvunjika kwa Bendi ya Sunburst

Bendi ya Sunburst ilizaliwa Dar es Salaam mnamo 1970. Mwaka 1976 ilirekodi nchini Zambia santuri yake ndefu ya kwanza na ya mwisho, iliyopewa jina la Ave Africa, na haukupita muda mrefu baada ya hapo ikawa haipo tena. Miaka sita ni umri mfupi hata kwa bendi, kwa maana jiji lile lile lilikuwa na NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964, ambayo imebadili jina mara kadhaa kwa kadiri jumuiya ya wafanyakazi ilivyobadili jina lake, na watu wa leo wanaifahamu kwa jina la Msondo Ngoma. Mauti ya bendi hayamshangazi mtu, kwani bendi hufa kila mwaka. Jambo la kustaajabisha katika habari hii ni kwamba Sunburst ilianza kazi yake katika mji ambao, miezi michache tu kabla, mamlaka zake zilikuwa zimekataza muziki wa jamaa ya ule uliokusudiwa kupigwa, nayo ikaweza kusimama, ikasikika katika redio ya taifa, ikatoa santuri Kenya, kisha ikavunjika wakati ilipokuwa imekwisha kujua hasa inataka kusema nini.

Ili msomaji aielewe habari hii yapasa kurudi nyuma kidogo. Tarehe 10 Desemba 1962, Julius Nyerere alipohutubia Bunge siku ile Tanganyika ilipokuwa jamhuri, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na akawasikitikia wasomi wa nchi yake waliokuwa hodari wa kucheza rumba na chachacha, na roki, na twisti, ilhali hawajapata hata kusikia habari za gombe sugu, mangala, konge au lele mama. Maneno yale yalikuwa ya mtu aliyeudhika kwa haki, na hakuna aliyeweza kuyapinga. Lakini neno la mkubwa likitoka kinywani mwake huwa kama mbegu, na kila aipokeaye huipanda katika shamba lake mwenyewe. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio lililozaa Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua ngozi vikapigwa vita barabarani. Novemba ya mwaka ule ule, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam na Pwani, Mustafa Songambele, mwenyeji wa Songea na mpiganaji wa zamani wa TANU, akaupiga marufuku muziki wa souli katika kumbi za mji.

Marufuku ile ilizusha mabishano makali katika magazeti. Wako walioishangilia, wakisema souli ni uchafu wa mabeberu unaowapotosha wasichana wa shule. Wako pia waliouliza swali gumu zaidi: huu muziki ni wa kigeni kwa nani? James Brown alikuwa mtu mweusi, mjukuu wa watumwa, na mwaka 1968 alikuwa ameimba hadharani kwamba weusi wake ni fahari yake. Je, serikali iliyowakaribisha wapigania uhuru wa Msumbiji na Afrika Kusini, iliyofungua milango kwa Wamarekani weusi waliokuja kutafuta nyumbani kwao, yaweza kuwafungia mlango nyimbo zao? Swali hilo halikujibiwa magazetini. Yaweza kusemwa kwamba Sunburst lilikuwa mojawapo ya majibu yake, na kwamba jibu lenyewe lilitolewa kwa magita.

Lakini kabla ya kuyasikiliza magita hayo, inafaa kwenda mbali na jiji, mpaka upande ule alikotoka mkuu wa mkoa mwenyewe. Mtu akiwa Mpepai, kata ya Wilaya ya Mbinga, yu katika nchi ya Wamatengo, watu wa milima na wa mashimo ya ngoro yanayozuia udongo usichukuliwe na mvua, wakulima wa kahawa tangu miaka ya 1920. Akishuka magharibi atafika ufukoni mwa Ziwa Nyasa, penye Lituhi, Liuli na Mbamba Bay. Katika nchi hii yote, milimani na mwambaoni, ipo ngoma iitwayo mganda. Wachezaji wake ni wanaume, hupanga safu zilizonyooka kama askari wa gwaride, huvaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi, hupuliza vibuyu vinavyotoa sauti ya tarumbeta, na nyuma yao hunguruma ngoma kubwa. Viongozi wa vikundi wamekuwa na vyeo vya kizungu, kama kingi na kapteni.

Mgeni akiiona ngoma hii huambiwa kuwa ni ya jadi, naye huandika hivyo katika daftari lake. Kwa hakika jadi hiyo haina umri wa kutisha. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma ya beni, alionyesha jinsi bendi za kijeshi za wazungu zilivyoigwa kwanza katika miji ya pwani, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Jinsi vita vya 1914 vilivyowachukua askari na wapagazi na kuwatawanya bara pamoja na nyimbo zao. Na jinsi mtindo ule ulivyotwaa sura nyingine kando ya Ziwa Nyasa. Ziwa lenyewe lilikuwa na sehemu yake katika vita ile. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilipokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli, palipoitwa Sphinxhafen siku hizo. Basi watu wa ziwa waliona gwaride, wakasikia tarumbeta, na shaba hawakuwa nayo. Wakatwaa vibuyu. Vizazi viwili baadaye hakuna Afisa Utamaduni aliyewaza kuupiga marufuku mganda kwa kuwa ulitoka Ulaya, na hata leo hupelekwa kwenye sherehe za taifa kama hazina ya wenyeji.

Habari hii ya mganda ni kipimo cha kuipimia Sunburst, kwa maana vijana wa Dar es Salaam mwaka 1970 walikuwa wakifanya jambo lile lile walilofanya wazee wa Liuli, ila kwa haraka zaidi na mbele ya macho ya serikali. Mganda ulipata nusu karne ya kukomaa gizani, bila mtu wa kuuliza hati yake ya kuzaliwa.

Waliokuwa katika bendi hiyo, miongoni mwao Hembi Flory Kongo, James Mpungo, Johnny Rocks, Kassim Magati na Bashir Idi Farhan, walianza kama wengi wa rika lao, kwa kupiga nyimbo za wengine. Mji ulikuwa na makundi kadhaa ya namna hiyo, na haikuwa aibu kuiga, kwani mtu hujifunza kusema kwa kurudia maneno ya mama yake. Baadaye wakaanza kutunga nyimbo zao, wakatafuta na jina la kuuita mtindo wao. Desturi hii ya mtindo ilikuwa na nguvu sana katika dansi la Tanzania. Bendi isiyo na mtindo ilikuwa kama mtu asiye na ukoo. Western Jazz walikuwa na Saboso, NUTA walikuwa na Msondo, Afro 70 ya Patrick Balisidya ilikuwa na Afrosa. Sunburst wakauita wao Kitoto.

Neno hili lastahili kutazamwa. Katika Kiswahili kiambishi ki- hufanya kazi nyingi: hudogosha, hubeza, hubembeleza, tena huonyesha namna, kama mtu asemapo anacheza kiume au anavaa kipwani. Kitoto basi chaweza kuwa mtoto mdogo sana, na chaweza kuwa namna ya kutenda mambo kama mtoto. Zamani zile wazee walikuwa wakiyaita mambo ya vijana kuwa ni ya kitoto kwa nia ya kuyashusha. Kundi likijitwalia tusi hilo na kulifanya bendera, basi tusi limekwisha makali yake. Tena muziki wenyewe ulifanana na jina. Kinanda cha umeme kiliguna, gita likalia kwa sauti iliyokunjwa na kuchafuliwa makusudi kama ilivyokuwa desturi ya roki ya miaka ile, na chini yake mdundo ukabaki kuwa wa ngoma. Waliimba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na Kiswahili chao hakikuwa pambo la kuwatuliza wakubwa. Enzi za Utumwani ni jina la mmojawapo wa nyimbo zao, na hilo pekee latosha kuonyesha kwamba hawakuwa wakiimba habari za viatu vipya.

Hapo ndipo penye maana ya bendi hii. Dar es Salaam ya miaka ile ilikuwa mji wa mawazo makubwa. Kitabu cha Walter Rodney juu ya namna Ulaya ilivyoidhoofisha Afrika kilitoka mwaka 1972, kwa ushirika wa Tanzania Publishing House na wachapaji wa London. Juni 1974 Mkutano wa Sita wa Umoja wa Afrika ya Watu Weusi wa dunia nzima ulikutana katika Ukumbi wa Nkrumah, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wasomi waliyasema mambo hayo kwa Kiingereza kigumu mlimani, na Sunburst wakayasema kwa ngoma na umeme katika kumbi za chini, mbele ya watu waliokuja kucheza na si kusikiliza hotuba. Sanaa ya namna hii huhukumiwa vibaya na pande zote mbili: mwanasiasa huiona ni starehe, na mpenda starehe huiona ni siasa. Hata hivyo Radio Tanzania iliwafungulia studio, na kanda za mwaka 1973 ziko mpaka leo kuthibitisha kwamba ukali wa marufuku ulikuwa umepoa, au pengine kwamba fundi wa mitambo alikuwa na masikio yake mwenyewe.

Redio ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kuufikisha muziki wa mji mpaka vijijini. Katika miaka ile kijiji kama Mpepai hakikuwa na umeme wa kuendeshea gita la umeme wala ukumbi wa kulipia kiingilio. Lakini redio ya betri ilifika, nayo ilinena Kiswahili. Mkulima aliyekuwa akianika kahawa yake aliweza kuupata mji mzima katika kisanduku kimoja, kisha akakizima ili kutunza betri. Ndivyo muziki wa dansi ulivyokuwa mali ya taifa. Tofauti ni kwamba kijana wa Mpepai aliyeupenda mganda aliweza kesho yake kwenda shambani kukata kibuyu, akatengeneza chombo, akajiunga na safu. Kijana aliyeipenda Sunburst hakuwa na la kukata.

Na hapa tunaingia katika sababu za kuvunjika, ambazo ni za shilingi zaidi kuliko za sanaa. Gita la umeme, kipaza sauti, kinanda na ngoma za miguu vilitoka nje kwa fedha za kigeni, na baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973 na 1974 fedha hizo zilikuwa haba. Bendi nyingi za Tanzania zilijiokoa kwa kuwa na mwenye mali mkubwa nyuma yake. NUTA Jazz ilikuwa ya wafanyakazi. Vijana Jazz, iliyoanza 1971, ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Polisi na jeshi walikuwa na bendi zao. Mpigaji alipewa mshahara, akapewa chombo asichokimiliki, akapewa na gari la kwendea mikoani. Badala yake alitakiwa kutunga nyimbo za kusifu kazi na kilimo, jambo ambalo wengi walilifanya bila kinyongo, na mara nyingine kwa uzuri mkubwa. Mfumo huu umelaumiwa sana na watu wanaopenda uhuru wa msanii. Lawama hiyo ina ukweli, lakini humsahau yule aliyekuwa huru. Msanii huru hakuwa na kipaza sauti.

Sunburst haikuingia katika safu ya bendi za mashirika. Ilitegemea ukumbi na watazamaji wake, na ukumbi wa mji haukuwa na haja ya bendi yenye mawazo. Ulikuwa na haja ya watu wanywe mpaka usiku wa manane. Upande wa santuri mambo yalikuwa magumu zaidi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani za santuri hata kimoja. Kanda zilirekodiwa Dar es Salaam, sahani zikatengenezwa Nairobi, faida ikazunguka huko huko, na mtunzi akapata makombo yaliyodondoka njiani. Santuri ndogo za Sunburst zilitoka Kenya kwa chapa ya Moto Moto. Kutegemea Nairobi kulikuwa ni sawa na kujenga nyumba katika kiwanja cha jirani, na ujirani wenyewe ulikuwa unachacha. Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka ule ule. Sunburst hawakungoja siku hiyo. Walikuwa wamekwisha kugeuza nyuso zao kusini.

Zambia ya kati ya miaka ya 1970 ilikuwa nchi ya roki kuliko nchi yoyote jirani. Vijana wa miji ya shaba walikuwa wamepokea magita yenye sauti ya kukwaruza, wakaunda makundi yao, WITCH, Amanaz, Musi-O-Tunya na kundi la Paul Ngozi, na serikali ya Kenneth Kaunda ikawasaidia kwa amri kwamba redio ijazwe muziki wa Wazambia. Tazama jinsi amri mbili zinazofanana zinavyozaa matunda yaliyo mbali mbali. Tanzania ilipotaka muziki wa wenyeji ilimaanisha kwanza kuukata ule wa kigeni, na roki ikaangukia upande wa kukatwa. Zambia ilipotaka muziki wa wenyeji haikuuliza gita limezaliwa wapi; iliuliza aliyelishika amezaliwa wapi. Kwa kipimo cha pili, mganda na roki ni ndugu. Kwa kipimo cha kwanza, kama kingetumiwa kwa haki, hata mganda ungelazimika kuvua kofia yake ya ukapteni.

Basi huko Zambia, mnamo 1976, mwaka ule ule reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860 ilipokabidhiwa kwa serikali mbili, Sunburst walirekodi Ave Africa. Jina lenyewe ni salamu, ya Kilatini kwa bara la weusi, na mtu aliyekulia karibu na misheni, kama watu wengi wa Umatengo waliokulia kivulini mwa Wabenediktini, hawezi kulisikia bila kukumbuka sala. Ni santuri ya watu waliokomaa. Haraka ya ujana imepungua ndani yake, mdundo umetulia, na nia ya kuiambia Afrika neno zito imekuwa wazi. Mwanafunzi anayeisikiliza leo atashangaa kwamba kazi hii ilitokea pembeni mwa orodha zote za heshima za muziki wa Tanzania. Haikuwa rumba, na wanahistoria wa dansi walikuwa wakihesabu rumba. Haikuwa taarabu wala ngoma, na wahifadhi wa utamaduni walikuwa wakihesabu hizo. Kazi isiyo na kapu la kuwekwa hubaki sakafuni.

Baada ya santuri hiyo kundi likasambaratika. Waliolijua walitawanyika, na Tanzania yenyewe ikaingia katika miaka migumu: vita vya kumwondoa Idi Amin vya 1978 na 1979, kisha uhaba wa kila kitu, sukari na sabuni, seuze nyuzi za gita. Mlimani Park iliyoanzishwa 1978 chini ya shirika la magari na teksi ikawa ndiyo fahari mpya ya jiji, na muziki wake, mzuri mno, ulikuwa na kila kitu ambacho Sunburst haikuwa nacho: mishahara, vyombo, na mtindo usiomshtua mzee yeyote. Kwa muda wa miaka arobaini Ave Africa ilikuwa sahani adimu inayowindwa na wakusanyaji wa Ulaya. Mwaka 2016 kampuni ya Strut iliitoa upya, pamoja na zile santuri ndogo za Kenya na kanda za Radio Tanzania, na wasikilizaji wa nchi za mbali wakaisikia bendi ya Dar es Salaam kabla wengi wa wana wa Dar es Salaam hawajajua kwamba iliwahi kuwapo.

Mganda nao haukupita miaka hiyo bila jeraha. Ngoma za mashindano hugharimu. Wenyeji hulazimika kuwalisha wageni na kuwapikia pombe, na katika nchi ya Wamatengo gharama hiyo hutoka katika kahawa, ambayo bei yake ilianguka baada ya mapatano ya kahawa ya dunia kuvunjika Julai 1989. Mtafiti Stephen Hill, akiandika juu ya Umatengo katika kitabu Mashindano! kilichotoka mwaka 2000, aliipa makala yake jina la Mchezo umelala. Kulala ni neno la wenyeji wa huko kwa ngoma iliyonyamaza, na ndani yake mna tumaini la asubuhi: kahawa ikipanda, vibuyu hutolewa darini, safu ikapangwa tena. Bendi ya umeme haina namna hiyo ya kulala. Vyombo vyake vilipokwenda kwa wengine na wapigaji wake wakatawanyika, kilichobaki ni kanda katika rafu za Radio Tanzania, na fundi aliyejua ziko wapi.